Nikabu na usukani: jibu kwa mama wa Kisauni

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nina miaka 27, mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni. Navaa nikabu tangu kabla sijaolewa. Mume wangu amenunua gari dogo na amenihimiza nijifunze, ili tuache kuwapakia watoto kwenye tuktuk kila asubuhi. Kaka yangu mkubwa anaishi Ujerumani. Amepiga simu akaniambia nichague moja, nikabu au usukani: eti mwenye nikabu haoni pembeni, kule kwao ni marufuku na kuna faini, na hata hapa Mombasa tangu kile kisa cha kituo cha polisi cha Central mwaka 2016 askari hawamwamini mwanamke aliyejifunika uso. Mwakani tunatarajia kwenda kumtembelea kwa miezi 3. Je, ni kweli naweza kusababisha ajali? Na trafiki akinisimamisha nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Kaka yako amekuambia mambo matatu kwa pumzi moja, ndiyo maana yamekuelemea. Kuna macho yako, kuna sheria ya Ujerumani, na kuna hofu ya askari, na kila moja lina jibu lake. Nimefundisha udereva hapa mjini miaka 19, na wanafunzi wangu wengi ni wanawake. Wenye nikabu nimewafundisha wengi. Mimi mwenyewe hujifunga mtandio, uso wangu u wazi, kwa hivyo usidhani natetea vazi langu.

Tuanze na macho, maana hapo ndipo penye roho za watu.

Mtu mwenye macho mazima, akitazama mbele bila kugeuza shingo, hunasa kitu kinachosogea mpaka karibu usawa wa masikio yake, upana wa nyuzi 180 hivi au zaidi kidogo. Sehemu anayoiona kwa ukali wa kusoma namba ya gari ni ndogo mno: nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba, basi ni kama hapo tu. Kwingine kote huoni sura ya kitu, ila wajua kwamba kuna kitu kinakuja. Mtoto anayechomoka nyuma ya mkokoteni, au bodaboda anayekupita kushoto ambako hakupaswa kupita, huyo humwoni kwanza kwa ukali. Jicho la pembeni hukugutusha, ndipo unageuka. Kitambaa kikikunyima pembe hiyo kimekunyima kengele.

Je, nikabu hukunyima? Inategemea ilivyoshonwa na ulivyoifunga. Pima mwenyewe kabla hujalipa hata shilingi ya darasa. Kaa kwenye kiti cha dereva, gari limezimwa, uso wazi, utazame kitu kimoja mbele yako, tuseme shina la mnazi. Mumeo aanze kutembea polepole kutoka nyuma ya gari upande wa kulia, hatua mbili kutoka mlangoni, ameshika kitambaa cheupe na kukitikisa usawa wa bega. Usigeuze kichwa wala macho. Mara unapohisi mtikisiko, sema "hapo", na abandike kipande cha gundi ya karatasi kwenye kioo cha dirisha usawa wa alipofika. Rudieni upande wa kushoto. Kisha vaa nikabu unayotoka nayo kila siku, mrudie vile vile. Vipande viwili vikikaa pamoja au vikapishana upana wa vidole viwili, nikabu hiyo haikukoseshi kitu. Vikipishana shubiri nzima, hiyo usiendeshee. Nikabu ambayo uwazi wake unafika hadi karibu na masikio, na ukingo wa chini umeshuka chini ya mfupa wa shavu, mara nyingi hupita. Zile za uwazi mwembamba, zenye uzi katikati ya paji na pua, nimeziona zikianguka mtihani huu mara nyingi. Ukingo wa chini nao usiudharau. Ukikaa juu sana hukuficha dashibodi, ukawa kila ukitaka kuona mwendo wako lazima uinamishe kichwa kizima.

Lakini hatari iliyonitia jasho mimi haikutokana na uwazi mdogo. Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, na mwanafunzi hodari, mwezi wa pili wa masomo. Tulikuwa tunatoka barabara ndogo kuingia kubwa. Akasimama vizuri, akatazama kulia kama nilivyomfunza, akasema "pako wazi", akaachia klachi. Tuktuk ilikuwa hapo hapo, naiona mimi niliyekaa mbali zaidi. Nikakanyaga breki ya mwalimu, tukazimika, dereva wa tuktuk akatupa maneno yake akaenda. Nilipomgeukia mwanafunzi ndipo nikaelewa. Nguo ya nyuma ya kichwa chake ilikuwa ndefu, na alipoegemea kiti ilibanwa kati ya mgongo na kiti. Kichwa kiligeuka kulia, nikabu ikabaki pale pale. Jicho lake la kulia lilikuwa linatazama kitambaa cheusi, na kwa kuwa kilikuwa karibu sana na mboni yeye hakuona weusi wowote. Aliona tu kwamba hakuna gari.

Tangu siku ile, mwanafunzi wangu mwenye nikabu au mtandio mrefu hafungi mkanda kabla hajaivuta nguo yote ya nyuma ikaja mbele juu ya mabega, kisha ageuze shingo kulia na kushoto mpaka mwisho, mara mbili, mbele yangu. Uwazi ukicheza, tunafunga upya. Ni kazi ya nusu dakika. Ukikumbuka moja tu katika barua hii ndefu, likumbuke hili.

Upepo ni mwingine. Ukishusha kioo kwenye daraja la Nyali jioni, ncha ya chini ya nikabu hupanda ikakufunika macho, na mkono unaacha usukani kwenda kuishusha. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, zaidi ya urefu wa basi zima. Ichomeke ncha ndani ya shingo ya buibui, au vaa ile fupi ya kuishia kidevuni. Kile kitambaa chepesi cha juu ambacho wengine hukishusha mbele ya macho kisishushwe kabisa ukiwa dereva, mchana au usiku. Usiku ni sawa na kuendesha na miwani ya jua.

Ukivaa miwani ya kuonea mbali, angalia ukungu. Hili tulijifunza sote mwaka 2020, barakoa zilipokuwa lazima kwenye matatu na madukani: pumzi hupanda juu kupitia ukingo wa puani, ikaganda kwenye vioo vya miwani. Nikabu iliyobana puani hufanya hivyo hivyo asubuhi ya mvua. Ilegeze chini pumzi ipate pa kutokea, na washa kiyoyozi kama gari linacho. (Neno barakoa lenyewe ni la zamani pwani hii. Mabibi wa Zanzibar na Oman waliivaa usoni zamani sana kabla ya korona, na Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwanamke aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kisha akaenda kuishi Hamburg, kule kule Ujerumani kwa kaka yako, aliieleza katika kumbukumbu zake.)

Na kwa kuwa umeniuliza kuhusu ajali, nikuambie ambalo kaka yako hakulitaja: pindo la buibui na viatu. Nimesimamishwa moyo na pindo lililonasa nyuma ya pedeli ya klachi mara nyingi kuliko nikabu. Malapa yanayoteleza, viatu vya visigino, pindo linaloburura, hivi hutokea kila wiki, na wala havimhusu mwenye kufunika uso peke yake. Weka raba za bapa ndani ya gari. Ukikaa kitini, kunja pindo mpaka juu ya kifundo, suruali ndani, kisha ndipo uwashe gari.

Basi anayesema "mwenye nikabu haoni" na apime kama nilivyokuonyesha. Ufaransa walisema bila kupima. Mwezi wa nne mwaka 2010, mjini Nantes, askari alimwandikia mwanamke mmoja faini ya euro 22 kwa kuendesha gari na nikabu, akidai inampunguzia uwezo wa kuona. Kesi ikaenda mahakamani, na Desemba mwaka ule ule faini ikafutwa. Saudia nako, tangu wanawake waliporuhusiwa kuendesha tarehe 24 Juni 2018, wako wengi wanaoshika usukani na nikabu zao. Kule vita ilikuwa ya kuruhusiwa kuendesha kwenyewe. Mwaka 1990 wanawake 47 waliendesha magari mjini Riyadh kwa makusudi, wakakamatwa.

Sasa Ujerumani. Hapa kaka yako amesema kweli, ila sababu siyo aliyokupa. Tangu Oktoba 2017 kanuni za barabarani za Ujerumani zinamkataza dereva wa gari kufunika uso kiasi cha kutotambulika. Faini ni euro 60. Kanuni yenyewe haizungumzii dini wala upana wa macho. Inazungumzia kutambulikana, na ukitaka kujua kwa nini, itazame kamera ya mwendo kasi ya Kijerumani: hupiga picha kwa mbele. Kwa sheria zao anayeadhibiwa kwa mwendo ni yule aliyekuwa anaendesha, mwenye gari halipi kwa kuwa gari ni lake tu. Picha isipoonyesha uso, kosa linakosa mtu. Nchi ambazo humtumia mwenye gari karatasi ya faini, au humlazimisha aseme nani alikuwa anaendesha kama Uingereza, hazina shida hiyo kwa ukubwa huo, na Uingereza mwanamke huendesha na nikabu bila kuvunja sheria. Mwendesha pikipiki wa Kijerumani, ambaye kofia yake ngumu humficha uso kuliko nikabu yoyote, ameondolewa kwenye katazo hilo, kwa kuwa kofia ni ya kumlinda na ni lazima.

Wako wanawake Waislamu waliokwenda mahakamani kuomba ruhusa maalumu, maana kanuni zao zinaruhusu mtu kuomba kuondolewa. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya utawala ya Münster ilisema katazo lenyewe ni halali, lakini ofisi iliyomkatalia mwombaji haikupima maombi yake ipasavyo, ikaagizwa iyaamue upya. Mwaka huo huo mahakama ya Koblenz ilimkatalia mwingine kabisa. Moja ya njia zinazozungumzwa ni daftari la safari, ambamo kila anayeendesha gari huandikwa jina, tarehe na saa, ili picha isipoonyesha uso daftari liseme. Kwangu mimi hiyo ni njia ya haki, na natamani wangeikubali. Lakini natamani haikulipii faini. Wewe unakwenda kwa miezi 3, hutapata ruhusa maalumu kwa muda huo, kwa hivyo ukiwa na nikabu kaa kiti cha abiria. Katazo ni la dereva. Abiria hahusiki, na kutembea barabarani na nikabu Ujerumani hakuna sheria ya nchi nzima inayokukataza.

Mwambie kaka yako tu kwamba asikutembeze ng'ambo ya mpaka bila kufikiri. Ufaransa tangu Aprili 2011, Ubelgiji tangu mwaka ule ule, Austria tangu 2017, Denmark tangu 2018 na Uswisi tangu tarehe 1 Januari 2025, kufunika uso mahali pa umma ni kosa hata kwa miguu. Uholanzi tangu 2019 imekataza ndani ya mabasi na treni, shule, hospitali na ofisi za serikali, ila barabarani huruhusiwa. Jambo la ajabu ni kwamba Ufaransa, yenye sheria kali hivyo, ilitoa waraka mwaka 2011 ukisema ndani ya gari la mtu binafsi si mahali pa umma. Dereva huko huulizwa kwa sheria za usalama barabarani, na ukishuka tu, umeingia kwenye sheria nyingine. Mimi nisingelitia mguu kwa kutegemea waraka huo.

Turudi nyumbani, kwenye hofu. Sitakuambia imebuniwa. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliovaa buibui waliingia kituo cha polisi cha Central, wakasema wamekuja kuripoti simu iliyoibwa, kisha wakatoa kisu na bomu la petroli. Wote watatu waliuawa pale pale. Wengi wetu tulilia siku ile, na askari wa mji huu hawajasahau. Mwaka mmoja kabla, Chad na kaskazini mwa Kameruni zilikataza kufunika uso baada ya mashambulizi ya mabomu, na Kongo-Brazzaville ilikataza mwaka huo huo wa 2015. Askari anayekutazama mara mbili amesikia hayo yote, na ana watoto nyumbani kama wewe.

Lakini tuliangalie tukio lenyewe. Wale watatu hawakuwa na gari. Waliingia kwa miguu mahali ambapo kila anayeingia angeweza kukaguliwa mlangoni na askari wa kike, akafunua uso, akaendelea na shughuli yake. Dawa ya jambo lile ni ukaguzi wa langoni, wa kila mtu, unaofanywa kwa adabu. Kumnyima usukani mama anayepeleka watoto shule kusingemzuia hata mmoja wao. Na kama kinachoogopwa ni uso usioonekana ndani ya gari, vile vioo vyeusi tii vya magari makubwa tunayopishana nayo kila siku vinaficha dereva, abiria na mizigo yote kwa pamoja.

Kenya na Tanzania hakuna sheria inayomkataza dereva kuvaa nikabu. Iliyopo ni sheria ya leseni: askari akiomba, uionyeshe, na leseni ina picha ya uso wako. Picha isiyoweza kulinganishwa na mtu haina kazi. Kwa hivyo lazima ujiandae kufunua uso, na ujiandae tangu sasa, usije ukaanza kubishana kando ya barabara na watoto wanalia nyuma. Siku ya kupigwa picha ya leseni utafunua pia. Fika mapema umwombe afisa wa kike, ofisi nyingi huwa naye. Kuhusu dini mimi si mwanachuoni, ila mashekhe niliowauliza kwa ajili ya wanafunzi wangu waliniambia kufunua uso penye haja ya kutambulikana, kama mbele ya kadhi au daktari, ni jambo lililoruhusiwa tangu zamani. Muulize shekhe wako mwenyewe ili moyo wako utulie kabla siku haijafika.

Trafiki akikupungia mkono, ingia kando polepole, zima gari, shusha kioo, acha mikono yote miwili juu ya usukani. Msalimie wewe kwanza. Kisha sema, kwa sauti ya kawaida: "Afande, leseni yangu iko kwenye mkoba, naichukua. Najua utataka kuniona uso. Kama yupo mwenzako wa kike naomba anitazame yeye." Wengi watakuitia, au watakuambia nenda. Kama hayupo, geuka upande wake kidogo, nyanyua nikabu akuone, alinganishe, ushushe. Ni sekunde tano. Kumbuka pia kwamba kupekuliwa mwili ni jambo jingine kabisa: sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai inasema mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha. Hapo una haki ya kusema "nasubiri askari wa kike", na uiseme bila kupandisha sauti.

Nimewafanyisha wanafunzi zoezi hili ndani ya gari, mimi nikiwa afande dirishani. Mara ya kwanza mikono huwatetemeka, mkoba huanguka, leseni hupotelea chini ya kiti. Mara ya tatu wanacheka. Mmoja aliniambia alisimamishwa karibu na Bamburi wiki mbili baada ya kupata leseni, akayasema maneno yale yale kama shairi alilohifadhi, na yule askari akamjibu, "Mama, hata mimi mke wangu anavaa, pita."

Kaka yako usigombane naye. Mwambie la Ujerumani umelikubali, na ukiwa huko yeye ndiye atakayekuwa dereva wako. Ukianza masomo, kwangu au kwa mwalimu mwingine, omba gari lenye breki upande wa mwalimu, na usikubali lisilokuwa nayo. Ukija kwangu, njoo na nikabu mbili unazozivaa zaidi, viatu utakavyoendeshea, na mumeo kama ana nafasi, kwa sababu lazima awepo mtu wa kutembea na kitambaa cheupe. Gundi ya karatasi ninayo mimi.